Mzee mnene miguu haina nguvu? Msimnyime chakula

Huku kwetu Ngamiani mtu mzima akinenepa tunasema mashallah, akipungua ndo tunaanza kuulizana. Mimi nimekaa na mama yangu mzazi na nawaambia ndugu zangu wa Tanga, mwili mkubwa na nguvu ni vitu viwili tofauti. Mama alikuwa mnene lakini mapaja yamelegea, kunyanyuka kwenye mkeka mpaka mkono mmoja ukutani mwingine juu ya goti, anavuta pumzi, "bismillahi", anajaribu tena.

Misuli inaanza kupungua taratibu toka kwenye miaka 30 na kitu, ukivuka 60 inaenda kasi, na kwa mtu mnene mafuta yanaingia mpaka ndani ya misuli yenyewe. Kwa hiyo mizani inasoma vilevile, hamjui kitu. Mpimeni hivi: kiti kiegemee ukuta, mikono aikunje kifuani, asimame na kukaa mara 5, mtu awe karibu amdake. Akizidisha sekunde 15 misuli imechoka, mpelekeni akaonwe.

Kinachoniuma ni wazee wanaofungishwa njaa eti wapungue, uji mweupe asubuhi, chai kavu jioni, kilo zinashuka kweli lakini na misuli kidogo iliyobaki inaondoka nazo! Sisi tulipunguza wali, chapati na sukari, samaki hatukumpunguzia. Kibua, dagaa, kunde, mayai, maziwa, kila mlo kiwemo kimoja. Mzee anatakiwa apate kama gramu 1 mpaka 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, na yai moja lina gramu 6 tu, piga hesabu mwenyewe. Mwenye figo mbovu aulize daktari kwanza.

Na kutembea jioni Raskazone ni kuzuri sana ila peke yake hakutoshi, misuli inataka kubebeshwa. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2017, wazee wanene waliokuwa wanapunguza uzito, waliochanganya mazoezi ya kunyanyua na ya kutembea ndo walifanya vizuri kuliko waliofanya aina moja tu. Mama ananyanyuka kitini kila akimaliza kuswali, halafu ana chupa mbili za maji nimezijaza mchanga, ananyanyua huku anapiga soga na shoga yake.

Kama mzee wenu ana ugonjwa wa moyo, presha haijatulia au ameshawahi kuanguka, daktari kwanza. Wengine anzeni leo, hata mara 3 kwenye kiti, kesho mnaongeza.