Unaanzisha kampuni? Soma kinachohusu swali la wiki hii

Waanzilishi wapya huniuliza wasome nini. Mafunzo ni mengi mno, na mengi ni ya bure. Ningewashauri waweke orodha ndefu pembeni, watazame swali lililowakwamisha wiki hii, watafute linalolijibu hilo, kisha warudi kazini.

Mwanzoni swali huwa moja: shida unayotaka kuitatua inamsumbua mtu kweli? Hapo sijaona kitabu kinachofaa kuliko The Mom Test cha Rob Fitzpatrick, kilichotoka mwaka 2013. Ni kifupi, siku mbili zinatosha. Kinafundisha kuulizia yale ambayo mtu amekwisha kuyafanya, maana ukimuuliza anavyoliona wazo lako atakusifia kwa adabu tu. Muulize: mara ya mwisho ulipokutana na shida hii ulifanyaje? Ilikugharimu nini? Umeshatafuta dawa yake popote? Nimewahi kukaa na mtu aliyelisifia wazo langu kwa moyo wote. Nilipomuuliza sasa hivi anafanyaje, akasema hafanyi chochote, anaishi nayo tu. Jibu hilo lilinifaa kuliko sifa zote zilizotangulia, na tangu hapo sianzi kutengeneza kitu kabla ya kuyasikia majibu ya namna hiyo kutoka kwa watu nisiowajua. Ndugu na marafiki wanakupenda mno, hawawezi kukusaidia hapa.

Ukishapata wateja wachache, ingia Startup School, kozi ya bure mtandaoni ya Y Combinator, kampuni ya Marekani inayowekeza katika kampuni changa. Mihadhara ya Chuo Kikuu cha Stanford ya mwaka 2014, How to Start a Startup, nayo bado ipo YouTube. Ipo 20, usiitazame yote. Chagua inayohusu kuzungumza na watumiaji na kujenga toleo la kwanza. Ya kuajiri iache mpaka uwe na mtu wa kumwajiri.

Jambo ambalo waanzilishi hulikwepa ni makubaliano kati yao wenyewe. Yaandikeni mapema, mkiwa bado mnapendana. Utaratibu uliozoeleka ni kila mmoja kuzipata hisa zake kidogo kidogo kwa miaka 4, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kutimia haondoki na hisa yoyote. Bila hilo, mwenzako anaweza kuondoka baada ya miezi michache akiwa na nusu ya kampuni, nawe ukabaki na kazi yote.

Fedha za wawekezaji zinahitaji utulivu wa kalamu na karatasi. Mkataba wa SAFE, ambao mwekezaji hutoa fedha sasa na kupewa hisa baadaye, ulitolewa na Y Combinator mwaka 2013; ni mfupi na unasomeka. Katika toleo la mwaka 2018, mwekezaji akitoa dola 50,000 kwa kikomo cha thamani cha dola 1,000,000 (thamani ya juu kabisa ya kampuni itakayotumika kukokotoa hisa zake), ameshajihakikishia asilimia 5. Saini mikataba mitatu kama huo na asilimia 15 imeondoka kabla ya awamu rasmi ya kuuza hisa, na inatoka upande wenu waanzilishi. Piga hesabu hiyo mwenyewe kabla ya kila saini. Kwa kuwa mkataba uliandikwa kwa kufuata sheria za Marekani, mpe mwanasheria wa nchi ilikosajiliwa kampuni yako ausome.

Ukimwendea mshauri, nenda na swali mahususi na takwimu zako: wateja wangapi, wangapi wamerudi, fedha zilizobaki zitatosha miezi mingapi.