Njia tulivu za baiskeli milimani Kigezi: jibu refu kwa dada wa Mwanza

Dada yangu, umeuliza kama wewe na mdogo wako mnaweza kutoka Kampala hadi Kisoro kwa baiskeli ndani ya siku tano, mpate milima na mkwepe malori. Waliotangulia kukujibu wamekwambia mfuate barabara kuu ya Masaka na Mbarara kwa sababu ni lami mwanzo mwisho. Mimi naishi Kisoro, kwenye milima hii ya Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda. Kazi yangu ni kununua viazi mviringo kwa wakulima, huku tunaviita ayirishi, na mwaka wa kumi na moja huu nawafuata mashambani kwa baiskeli. Naomba unisikilize: hiyo barabara kuu iacheni. Kampala hadi Kabale ni zaidi ya kilomita 400, na kila lori linaloenda Rwanda au kusini-magharibi ya nchi linapita humo humo, pamoja na mabasi yanayoshindana. Siku tatu kati ya tano zenu zitaishia kutazama kioo cha pembeni. Pakieni baiskeli kwenye basi, mlipie mzigo, mshuke Kabale. Hapo ndipo safari mnayoitaka inapoanzia.

Kitu nilichojifunza kwenye biashara yangu ni hiki. Ukitaka njia tulivu, usiulize ipi ni fupi wala ipi ni nzuri. Uliza viazi vya kijiji hiki vinatokaje. Wakikujibu lori linafika hadi shambani, jua kuna vumbi na honi. Wakikujibu vinatoka kwa kichwa, kwa baiskeli au kwa mtumbwi, hiyo ndiyo njia yako.

Ndiyo maana nawapeleka kwanza Ziwa Bunyonyi. Kutoka Kabale mjini hadi ziwani hazifiki kilomita kumi, ila katikati kuna mgongo wa mlima wa kuvuka, na mlima wenyewe ni mkali, msione haya kushuka na kusukuma. Ukifika juu unaliona ziwa lote limejikunja kati ya vilima na visiwa vyake 29, nawe uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,000. Wengi hushukia hapo, wanapiga picha na kurudi Kabale. Ninyi msirudi. Shikeni barabara ya changarawe inayoambaa na ziwa kuelekea kaskazini hadi Muko, ziwa likiwa kushoto kwenu. Barabara hii ni kimya kwa sababu mzigo wa watu wa pale unasafiri majini. Siku ya soko utaona mitumbwi ya magogo ya mikaratusi, mmoja una mtama, mwingine una mbuzi wawili wamesimama na mama mwenye kasia nyuma, wanafika gati la soko bila kugusa barabara hata kidogo. Kwa hiyo barabara wameachiwa wanafunzi, ng'ombe na sisi wa baiskeli.

Ondokeni saa 1 asubuhi. Saa hiyo ukungu umelala juu ya maji na visiwa vinatoka kimoja kimoja kama vinainuka. Njia haina tambarare: inaingia kwenye hori, yaani mkono wa ziwa, inatoka, inapanda kidogo, inashuka, halafu inaanza tena hori la pili. Ukitazama kwenye ramani utadhani ni mwendo wa saa moja na nusu. Tengeni asubuhi nzima, na msiharakishe. Vilima vyote vimekatwa matuta kuanzia chini hadi kileleni, maharage hapa, mtama pale, na ukisimama unapumua unasikia majembe upande wa pili wa hori, maana sauti inavuka maji vizuri sana. Watu watawasalimu "agandi", ninyi jibuni "ni marungi". Mkipewa bushera ya mtama, kunyweni. Inashibisha kuliko soda na haikupi kiu baada ya nusu saa.

Muko mtaiunga lami ya Kabale–Kisoro. Hapa hakuna njia ya kando ninayoweza kuwashauri kwa siku moja, ila habari njema ni kwamba lami hii haina msongamano wa barabara kuu, na sehemu nzuri ya safari yote iko juu yake. Mtapanda msitu wa Echuya, wenye mianzi mingi. Mianzi ikigusana kwa upepo inalia kama mlango wa zamani, na baridi inaingia hata saa sita mchana, kwa hiyo jaketi liwe juu ya mzigo, lisiwe chini. Mkishatoka msituni mnafika Kanaba. Simameni. Mbele yenu kuna milima mitatu ya volkano imejipanga: Muhabura wenye mita 4,127 kushoto, Gahinga katikati, Sabinyo kulia, na juu ya Sabinyo ndipo Uganda, Rwanda na Kongo zinapokutana. Watu wa hapa wanasema Muhabura maana yake ni mwenye kuonyesha njia. Nimepita Kanaba mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na bado nasimama kila mara. Mawingu hupanda mapema, kwa hiyo anayefika jioni mara nyingi hukuta kitako cha mlima tu. Kama mna muda, laleni Muko, mvuke Echuya asubuhi ya pili.

Sasa kuhusu kushuka kutoka Kanaba, hapa nakuomba usome taratibu. Mwaka wangu wa pili nilibadilisha raba za breki jioni, nikanunua za bei ya chini kwenye duka moja ambalo sitalitaja, nikashuka Kanaba kesho yake kwenye mvua. Kona ya kwanza zilishika. Kona ya pili nikasikia chuma kinasaga ringi, na harufu ya raba iliyoungua. Kona ya tatu hapakuwa na breki kabisa. Nilichagua mtaro badala ya bonde. Mitaro ya huku imejaa mawe meusi ya volkano, makali kama chupa iliyovunjika, na goti langu la kulia bado halikunji hadi mwisho. Tangu siku hiyo, kabla ya mteremko wowote nashuka, napitisha ukucha kwenye mifereji ya raba. Ukucha usipozama, raba imekwisha, nabadilisha palepale. Wewe na mdogo wako bebeni jozi mbili za akiba kutoka Mwanza, za aina mnayoijua. Na msishike breki mfululizo: kamata, achia, kamata, achia, ringi ipate kupoa.

Umesema baiskeli zenu ni za mbio, tairi za milimita 25. Kwa njia ya Bunyonyi hazifai. Tafuteni zinazobeba tairi za milimita 38 au zaidi. Gia nazo ziangalieni: ya mbele iliyo ndogo iwe na meno 30 au pungufu, ya nyuma kubwa 34 au zaidi. Mafundi baiskeli wapo kila senta, wana viraka na solusheni, watakunyooshea spoki kwa jicho tu, lakini vipuri vya baiskeli za kisasa hawana.

Jambo la udongo wengi hawalijui hadi liwakute. Upande wa Kabale na Rubanda, yaani kule Bunyonyi na Muko, udongo ni mfinyanzi. Mvua ikinyesha nusu saa, unakamata kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma, unabeba baiskeli begani. Upande wa Kisoro ardhi ni ya volkano, maji yanazama mara moja, na saa moja baada ya mvua barabara inapitika. Kwa hiyo kama mtakuja Machi hadi Mei, au Septemba hadi Novemba, panga siku za Kisoro ziwe nyingi na za Bunyonyi chache. Juni na Julai nendeni popote.

Na siku za Kisoro mtazitumia wapi? Siku moja nendeni Ziwa Mutanda, kaskazini ya mji. Njia inapita juu ya ukingo, ziwa liko chini na volkano ziko nyuma ya mgongo wenu, mkigeuka mnaziona. Siku nyingine shukeni kusini-mashariki kuelekea maziwa ya Chahafi na Kayumbu, chini ya Muhabura. Huko ndiko kulaini kuliko kote, miguu inapumzika. Mtakutana na vijana wanaoshusha mzigo kwa baiskeli za mbao zisizo na pedali, zile ambazo Goma huitwa chukudu. Wapisheni wao kwanza. Akiwa na gunia tatu kwenye mteremko hawezi kusimama kwa ajili yako. Njia za huko ziko karibu sana na mpaka wa Rwanda, na za magharibi ziko karibu na Kongo, hivyo pasi iwe mfukoni, sio hotelini, na msikate vijia vya mashambani msivyovijua. Mkimkuta askari, msalimieni mapema kabla hajawaita.

Kiswahili chenu kitawafaa kuliko mnavyodhani. Kisoro tunafanya nacho biashara kila siku kwa sababu ya watu wa Bunagana, pale mpakani na Kongo, na sokoni ukiuliza bei kwa Kiswahili hutapandishiwa. Vijijini mzee anaweza asikijue, ila mjukuu wake ataitwa. Baada ya kuvuka Echuya salamu inabadilika, "agandi" inabaki nyuma na hapa tunasema "muraho".

Niandikie tarehe mkishapanga. Nikiwa sipo kwenye mavuno nitawasubiri pale Kanaba asubuhi, tukague raba za breki pamoja, halafu tushuke.