Re: Faranga za Burundi kwenye kibubu, nibadili au nisubiri?

Salama mkuu. Umesema wateja wako wa dagaa hapo Kibirizi, Kigoma, wanakulipa faranga za Burundi, umezirundika kwenye kibubu, na kila ukienda kubadili unapata shilingi pungufu.

Kwanza kagua noti zenyewe. Za 10,000 na 5,000 za toleo la 2018 ziliondolewa Juni 2023, watu wakapewa siku 10 tu. Mimi nilikuwa na bunda ndani ya debe la unga, zikabaki za kufungia karanga!

Zilizo hai usizisubirie zipande. Mei mwaka huohuo benki kuu yao ilishusha thamani ya faranga kwa mkupuo. Siku hizi nikiuza asubuhi, jioni nimeshabadili, au nachukua chumvi ya Uvinza. Haiozi, ila usiiweke sakafuni.