"Mumeelewa?" Wote "ndiyo mwalimu!", kisha intero zero

Wiki hii barua nyingi zimetoka kwa walimu wa hapa Bukavu, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: mwalimu atajua namna gani kama watoto wameshika somo, mbele intero, lile jaribio fupi la darasani, haijamwambia. Tumechagua tano. Ya kwanza tutaijibu kwa urefu juu ndiyo inabeba zingine.

Jambo. Niko nafundisha mwaka wa ine primeri, Kadutu, batoto biko karibu 70 mu darasa moja. Nikimaliza kufasiria nauliza "mumeelewa?", bote banapaza sauti "ndiyo mwalimu!" Kesho yake nikipana intero ni zero, mbili, zero. Nifanye nini juu nijue mbele ya intero?

Mwalimu, asante kwa hii barua, juu wengi wanaishi hivyo, zaidi sana tangu primeri iwe ya bure mu 2019 na madarasa yakajaa. Lakini "mumeelewa?" haipimi kitu. Mtoto anajua jibu unalotaka kusikia na anakupa, na yule ambaye hakuelewa mara nyingi hata yeye hajui kama hakuelewa, ameona mfano kwenye tablo, umeufanya vizuri, ukaonekana mwepesi, basi anasema ndiyo na roho safi kabisa. Kumuuliza yule mmoja aliyenyoosha kidole pia haikusaidii, huyo ni mwenye kujua, wengine 69 wamejificha nyuma yake.

Unachohitaji ni kila mtoto akuonyeshe kitu, wote kwa wakati moja, na wewe uone kwa macho. Walimu wetu wa zamani walikuwa nayo hii njia, ile ya ardwazi, kibao kidogo cha kuandikia na chaki, inaitwa PLM, yaani procédé La Martinière, jina la shule moja ya Lyon kule Ufaransa ambako ilianzia mu karne ya 19. Unasema hesabu, wote mikono juu ya meza, wanafikiri tu. Unagonga rula mara moja: wanaandika. Unagonga tena: chaki chini. Unagonga ya tatu: ardwazi juu, zimegeukia kwako. Unapitisha macho msitari kwa msitari, nusu dakika inatosha, na umeona darasa nzima. Ile ya "chaki chini" usiiache hata siku moja, maana pale ndipo wa nyuma wanamalizia kunakili kwa jirani.

Sasa kazi kubwa iko mu kuchagua swali, na hapa nataka tukae kidogo. Tuseme unafundisha kutoa kwa kukopa. Wengi wangetoa 52 − 17. Iko hesabu nzuri lakini kwa kupima ni mbaya, nitakuonyesha. Mtoto wa kwanza hajui kukopa, anatoa tu kidogo ndani ya kikubwa: 7 kutoa 2 ni 5, 5 kutoa 1 ni 4, anaandika 45. Mtoto wa pili anakopa vizuri, 12 kutoa 7 ni 5, lakini anasahau kama ile 5 imebaki 4, anafanya 5 kutoa 1 ni 4, naye 45. Ardwazi mbili jibu moja, magonjwa mawili. Weka 52 − 18 badala yake: wa kwanza ataandika 46, wa pili 44, mwenye kujua 34. Ukiona 46 zimejaa, rudi kwenye kukopa kwenyewe, chukua vijiti, funga kumi kumi, watoto wafungue kifungo kwa mikono yao. Ukiona 44 ndiyo nyingi, kukopa wanajua, wafundishe tu kukata ile 5 na kuandika 4 juu yake. Hizo ni dakika ishirini umeokoa, na hakuna mtoto amepata zero kwenye kaye (daftari).

Kama ardwazi hakuna (na najua mashule mengi hazipo tena), vidole. Andika majibu matatu kwenye tablo, 34, 44, 46, uyape namba 1, 2, 3, wafumbe macho, waweke vidole juu ya kifua, si hewani, juu hewani kila mtu anaangalia yule wa kwanza wa darasa. Unaweza pia kukata kipande cha kartoni, ukakiingiza mu farde ya plastiki yenye inapitisha mwangaza na kupana kalamu ya marika yenye inafutika, moja kwa watoto wawili, inatosha.

Kisha amua papo hapo. Karibu wote wamepata, endelea. Karibu wote wamekosa, usirudie maneno yaleyale kwa sauti ya nguvu, badilisha mfano. Wamegawanyika nusu kwa nusu, waambie kila mtu amfasirie jirani yake kwa nini amechagua lile, dakika mbili, halafu vidole tena. Utashangaa wanavyosogea.

Miye nafundisha ya sita. Batoto banasema definition ya évaporation mu Kifaransa bila kosa hata moja, lakini nikigeuza swali kidogo banabaki kimya. Shida ni Kifaransa ao ni somo?

Inaweza kuwa yote mbili na huwezi jua mpaka uzitenganishe. Mtoto anaweza kubeba sentensi nzima ya Kifaransa kama mzigo uliofungwa, hajui ndani kuna nini. Muulize kitu chenye hakiko kwenye kaye, na umwache ajibu kwa Kiswahili: nguo mama ameanika asubuhi, saa sita imekauka, maji imeenda wapi? Utasikia "imeanguka chini", utasikia "jua imekunywa", utasikia na mmoja atasema imepanda hewani lakini hatuioni. Huyo wa tatu ameelewa hata kama Kifaransa chake kinavunjika, basi mpe sasa maneno ya Kifaransa, atakuwa na pa kuyaweka. Wale wawili wa kwanza bado, hata wakipata pointi zote za kukariri. Na usiogope Kiswahili mu darasa, sheria ya elimu ya 2014 inatambua lugha za kitaifa kama lugha za kufundishia. Mtihani wa mwisho utakuja kwa Kifaransa, ndiyo, lakini mtoto hawezi kutafsiri kitu ambacho hana kichwani.

Kingine: ukiuliza, ngoja. Mu miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda walimu wanangoja kisha kuuliza, akakuta kwa kawaida ni kama sekunde 1 tu. Walipozoea kungoja 3 ao zaidi, majibu yalirefuka, "sijui" zikapunguka na watoto wa kimya wakaanza kusema. Uliza kwanza, hesabu moja mbili tatu mu roho, ndipo utaje jina. Ukitaja jina mbele ya swali, wengine wote wanapumzika.

Prof wa fizikia, segonderi, Bagira. Kwangu mtu akikosa wenzake wanamcheka, wasichana hawajibu tena. Hata nikitaja jina anasimama tu anaangalia chini.

Prof, usimsimamishe peke yake kwanza. Vidole juu ya kifua na macho yamefumbwa inafaa hata kwa wakubwa, hakuna anayeona jibu la mwingine. Ukitaka kuzungumza juu ya kosa, usitaje mwenyewe, sema "nimeona jibu la pili mara nyingi, nani anaweza kutuonyesha mtu anafikaje pale?", hapo kosa linakuwa la darasa nzima na hata aliyekosa anaweza kunyoosha kidole. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, anafundisha hivyo tangu mwanzo wa miaka ya 1990: swali, kila mtu achague peke yake, wajadiliane wawili wawili, wachague tena. Haihitaji mashine. Na siku ya kwanza ya kucheka simamisha somo, useme wazi kama mu darasa lako hakuna kucheka kosa, na urudie kila mara.

Mwanangu wa mwaka wa tatu anasema kila siku ameelewa. Mimi sikusoma sana, nitamujua namna gani?

Mama, kutosoma si kizuizi. Usimuulize "umeelewa?", mwambie "nifundishe". Afunge kaye, achukue maharagwe ao vifuniko vya chupa, akuonyeshe walichofanya leo. Akikwama anarudi kuchungulia kaye, sawa, mwache achungulie, halafu afunge tena na aanze upya. Akikwama palepale mara ya pili, mwambie kesho amuulize mwalimu kitu hicho tu.

Niko direkta. Hizi njia ni nzuri lakini programu iko ndefu, na ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza primeri, inangojea watoto wa ya sita. Walimu watamaliza saa ngapi?

Mkubwa direkta, programu yenye mwalimu amemaliza peke yake kwenye tablo, watoto hawajaimaliza. Mwaka wa tano unapita na sehemu hazijashikwa, ya sita mwalimu anarudi nyuma miezi, hapo ndipo muda unapotea kweli. Ardwazi inachukua dakika tatu. Kipande cha karatasi mwisho wa somo, swali moja, kinachukua dakika tano, na si lazima wote 70 kila siku: leo msitari wa kwanza, kesho wa pili. Mwalimu hapigi pointi, anagawanya tu mafungu matatu, wamepata, wamekaribia, bado, na lile la "bado" ndilo anaanza nalo asubuhi. Wewe ukiingia kutembelea darasa, usiangalie fishi ya maandalizi peke yake. Kaa nyuma karibu na watoto wa msitari wa mwisho, omba mwalimu apige rula mara tatu, uone ardwazi zao.