Nani anakagua mtambo wa nyuklia, na nani anakagua deni lake?

Tangu Uyombo, kaunti ya Kilifi, itajwe kuwa mahali pa mtambo wa nyuklia wa megawati 1,000, barua hazijakoma katika safu hii. Maandamano ya 2024 yaliziongeza, na hata viongozi walipoanza kuitaja Siaya mwaka 2025 bado zinaingia. Tumechagua zinazouliza juu ya ukaguzi.

Mradi ukienda Siaya, sisi wa Mombasa si tumeshapona? Na ni ofisi gani hasa inayosema ndiyo au la? (Msomaji, Kongowea)

Bahari yenu huenda imepona. Bili haijapona. Kenya Power hutoza bei moja nchi nzima kwa kila kundi la wateja, kwa hiyo deni la mtambo wa Siaya litaingia kwenye tokeni za Kongowea sawasawa na za Bondo.

Ofisi ni zaidi ya moja, na wengi huzichanganya. NuPEA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, ndiye mwenye kuutangaza na kuuendesha mradi. KNRA, iliyoundwa na Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka huohuo, ndiye mdhibiti na mtoa leseni. Hawa wawili hawafai kula sahani moja: anayetaka mtambo ujengwe asiwe ndiye anayepitisha usalama wake. NEMA hukagua athari kwa mazingira. EPRA huangalia mkataba wa kuuziana umeme na bei. Hazina ya Taifa ndiyo itakayoombwa dhamana ya mkopo, na hapo Bunge nalo lina neno.

Mtaambiwa pia kwamba wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, walikuja 2015 na wakarudi 2021 kufuatilia. Ni kweli, lakini walikuja kwa mwaliko, kuitazama nchi kwa vigezo 19 vya utayari: sheria, wafanyakazi, gridi, fedha, taka na kadhalika. Ujumbe huo hautoi kibali. Mtu akisimama jukwaani akasema "IAEA imetupitisha", muulizeni leseni ya KNRA ni nambari gani.

Mimi ni fundi wa umeme. Mkaguzi wa usalama anaangalia nini hasa? Nataka maelezo ya kazi, si maneno ya wanasiasa. (Changamwe)

Haya, fundi, tuanze na joto. Kinu cha megawati 1,000 za umeme hutoa megawati 3,000 hivi za joto. Ukikizima, mpasuko wa atomu hukoma papo hapo, ila mabaki yaliyomo ndani ya fueli huendelea kuchemka: asilimia 6 hadi 7 mwanzoni, yaani karibu megawati 200, na baada ya siku nzima bado takriban nusu asilimia, megawati 15. Bila maji yanayozunguka, joto hilo linatosha kuyeyusha fueli. Kwa hiyo swali la kwanza la mkaguzi ni la fundi kama wewe: pampu zitapata umeme wapi baada ya kinu kuzimwa?

Jibu linalokubalika ni la tabaka. Kwanza gridi, kwa njia zaidi ya moja zisizotegemeana. Kisha jenereta za dizeli zilizotenganishwa, kila seti na chumba chake, tangi lake na kebo zake. Kisha betri za vidhibiti. Vinu vya kisasa vingine huongeza maji yaliyowekwa juu ili yashuke kwa uzito wake bila pampu.

Hapo ndipo Fukushima Daiichi, mtambo wa nyuklia wa Japani, ilipoanguka tarehe 11 Machi 2011. Tetemeko lilikata gridi, jenereta zikawaka kama zilivyotakiwa, na muda usiofika saa moja baadaye mawimbi ya mita 14 hadi 15 yakapita kinga iliyokadiriwa kwa mita 5.7. Jenereta nyingi na vibodi vya umeme vilikuwa vyumba vya chini. Hizo zilikufa kwa sababu moja. Jenereta moja ya kinu cha 6, iliyopozwa kwa hewa na kuwekwa juu zaidi, ilibaki hai na ikaokoa kinu cha 5 na cha 6. Mkaguzi hodari hasomi idadi ya jenereta. Anatafuta jambo moja linaloweza kuziua zote pamoja: maji, moto, kebo zilizopita njia moja, dizeli chafu iliyotoka kwa muuzaji mmoja.

Kwa pwani yetu hesabu hiyo haiepukiki. Tsunami ya 26 Desemba 2004 ilivuka kutoka Sumatra, ikaua mtu mmoja Kenya na karibu 300 Somalia. Bamvua hapa Mombasa huweza kutofautisha maji kujaa na kupwa kwa karibu mita 4, kwa hiyo wimbi hupimwa juu ya bamvua, likaongezwa dhoruba na kupanda kwa bahari kwa miaka 60 ya kazi ya mtambo na zaidi. Siaya ina hesabu yake ya Ziwa Victoria na Bonde la Ufa.

Baada ya mahali, kuna ripoti ya uchambuzi wa usalama, maelfu ya kurasa, ambapo mwombaji huonyesha kwamba ajali ya kuharibu kiini, yaani fueli iliyo ndani ya kinu, haitarajiwi zaidi ya mara 1 katika miaka 100,000 kwa kinu kipya. Tusidanganyane: namba hiyo ni safi kadiri ya dhana zilizoingizwa. Ikiwa dhana ni kwamba jenereta haziharibiki pamoja, namba hupendeza.

Kisha kuna kazi ya uwanjani, na ndipo miradi mingi huchafuka. Olkiluoto 3 ya Finland, zege la msingi lilikutwa na maji mengi kupita kiwango. Flamanville 3 ya Ufaransa, mwaka 2015 ilitangazwa kwamba chuma cha kifuniko na cha kitako cha chungu cha kinu, kile kinachoshika fueli, kina kaboni nyingi mahali pasipotakiwa, na chungu kilikuwa kimeshawekwa. Korea Kusini, 2013, vinu vilizimwa kwa sababu kebo za usalama zilipita kwa vyeti vya kughushi. Dawa yake inajulikana: mdhibiti awe na wakaguzi wake kiwandani ambako chuma hufuliwa, na mkataba utaje vituo ambapo kazi haiendelei bila sahihi yake. Kabla ya kumwaga zege, kabla ya kufunga chungu, kabla ya kutia fueli. Mdhibiti asiye na bajeti ya tiketi ya ndege hawezi kufanya hivyo.

Tunaambiwa umeme wa nyuklia ni rahisi. Wengine wanasema ni ghali kupita wote. Nani mkweli? (Mfanyabiashara, Marikiti)

Wote wawili, inategemea wanahesabu nini. Fueli yenyewe ni kidogo: tani 25 hivi za urani iliyorutubishwa kwa mwaka. Gharama ni ujenzi, na juu ya ujenzi riba. Nawe unajua riba, kwa hiyo tufanye hesabu, kwa mfano tu.

Chukua kinu cha megawati 1,000 kwa dola bilioni 6, kinajengwa kwa miaka 6, dola bilioni 1 kila mwaka, riba asilimia 7. Siku ya kuwasha swichi deni limeshafika dola bilioni 7.4. Ukilipa kwa miaka 40, na mtambo ukifanya kazi kwa asilimia 90 ya uwezo wake, kila uniti hubeba senti 7 za dola za deni pekee, kama shilingi 9 kwa kiwango cha shilingi 130. Bado hujalipa fueli, wafanyakazi, matengenezo, nyaya wala faida.

Sasa ujenzi uchukue miaka 12, bei ya vifaa isipande hata ndururu. Deni linafika dola bilioni 9.25, na uniti hubeba shilingi 11 na zaidi. Au ujenzi uishe kwa wakati, lakini usiku hakuna wa kununua, mtambo ufanye kazi kwa asilimia 60: shilingi karibu 14. Uchelewaji na usiku mtupu, basi, ndivyo vitu viwili ambavyo mkaguzi wa fedha anapaswa kuvijaribu kabla ya kingine chochote.

Si mambo ya kufikirika. Olkiluoto 3 ilianza kujengwa 2005 iwake 2009, ikaanza uzalishaji wa kawaida 2023. Vogtle ya Georgia, Marekani, vinu viwili vilivyokadiriwa dola bilioni 14, vilivuka bilioni 30 na kukamilika 2024. Barakah ya Falme za Kiarabu ilifanya vizuri zaidi: vinu vinne vya aina moja, kimoja baada ya kingine, kuanzia 2012 hadi 2024, na nyuma yake serikali yenye fedha taslimu. Atakayewaletea mfano wa Barakah awaletee na hazina yake.

Swali linalofuata ni nani anabeba hasara. Misri, kwa El Dabaa, ilichukua mkopo wa Urusi wa dola bilioni 25 kwa riba ya asilimia 3: riba nafuu, hasara kwa serikali. Uturuki, kwa Akkuyu, iliahidi kununua sehemu ya umeme kwa senti 12.35 za dola kwa uniti kwa miaka 15, na mjenzi akabaki mwenye mtambo na hatari ya ujenzi. South Carolina, sheria ya 2007 iliruhusu kampuni kuwatoza wateja wakati ujenzi unaendelea. Mradi wa V.C. Summer ulitupwa Julai 2017 baada ya kama dola bilioni 9, wateja wakabaki wanalipia vinu visivyotoa hata uniti moja. Kampuni ilikuwa imeajiri mkaguzi wa nje aliyeandika kwamba tarehe za kukamilika haziwezekani, na ripoti hiyo ikafichwa wadhibiti. Mkuu wa kampuni aliishia gerezani.

Hii ndiyo sababu Tume ya Nyuklia ya Marekani humdai mwombaji makadirio ya gharama na vyanzo vya fedha ndani ya ombi lilelile la leseni ya usalama. Mjenzi aliyeishiwa hela huanza kupunguza majaribio, kuahirisha ukarabati na kuwaachisha kazi wale wanaojua kuona ufa. Hapa kwetu ingefaa KNRA na EPRA wasome jalada moja. Wakisoma mbalimbali, mmoja atakagua mtambo wa karatasi na mwingine deni la karatasi.

Angalia pia sarafu. Mkopo wa dola hurudi kwenye bili yako kupitia marekebisho ya fedha za kigeni, ule mstari mdogo ambao watu huruka wakisoma risiti ya tokeni.

Gridi yetu inabeba? (Mwanafunzi, Tudor)

Kwa kinu kimoja cha megawati 1,000, bado. Kanuni ya wahandisi ni kwamba mtambo mmoja usizidi kama asilimia 10 ya gridi, ili ukidondoka ghafla nchi isizame nao. Mahitaji ya kilele ya Kenya mwaka 2025 yalipita megawati 2,300, maana yake mtambo huo ungekuwa zaidi ya asilimia 40. Na kumbuka jibu la fundi wa Changamwe: gridi ikizimika, kama tarehe 25 Agosti 2023, mtambo unapoteza tabaka lake la kwanza la umeme wa kupoza. Njia za kutokea ni vinu vidogo, au nyaya kubwa zaidi na majirani, na gharama ya nyaya hizo iwe ndani ya hesabu ya mradi, isijifiche kwa ofisi nyingine.

Samaki je? (Mvuvi, Mtongwe)

Mzee wangu, theluthi mbili ya joto hutupwa. Megawati 2,000 zikitupwa baharini zinataka meta za ujazo 50 hivi za maji kila sekunde, yanayorudi yakiwa na joto la nyuzi 10 zaidi, pamoja na klorini ya kuzuia kome mabombani. Mayai na vifaranga vya samaki hunyonywa na maji hayo. Matumbawe yetu yalipauka 1998 kwa ongezeko dogo zaidi la nyuzi, kwa hiyo ripoti ya mazingira ionyeshe ramani ya joto kwa kusi na kwa kaskazi, mbali mbali. Ramani moja ya wastani wa mwaka haitoshi.

Mwananchi wa kawaida anaweza kudai karatasi gani, na kwa njia gani? (Bi. msomaji, Bamburi)

Dai ripoti ya uchaguzi wa mahali pamoja na maeneo yaliyokataliwa na sababu zake. Dai ripoti ya mazingira yote, si muhtasari. Dai rasimu ya mkataba wa kununua umeme, hasa kifungu cha malipo ya uwezo, yaani pesa zinazolipwa hata umeme usipotumika. Dai barua ya dhamana ya serikali. Dai mpango wa mfuko wa kubomoa mtambo na kutunza fueli iliyotumika: nani anashika akaunti, na senti ngapi kwa kila uniti zitawekwa tangu siku ya kwanza. Fueli hiyo hukaa bwawani miaka 5 au zaidi kabla ya kuhamia kwenye makasha makavu, na mahali pa mwisho pa kuizika panatakiwa katika mpango.

Andika chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, utaje waraka kwa jina na tarehe. "Habari zote kuhusu nyuklia" ni ombi rahisi kukataliwa. Ofisi ina siku 21 kujibu. Ikikataa, una siku 30 kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman. Maoni kwa NEMA yaandikwe, yapigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki kwako, kwani kikao cha mdomo hakina kumbukumbu ila iliyoandikwa na mwenye kikao.

Leseni ya NEMA ikitolewa nawe huridhiki, Mahakama Maalum ya Mazingira hupokea rufaa ndani ya siku 60. Mwaka 2019 iliifuta leseni ya mtambo wa makaa wa Lamu wa megawati 1,050 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Afrika Kusini, Aprili 2017, Mahakama Kuu ya Western Cape ilibatilisha makubaliano ya nyuklia ya serikali na mpango wa kununua megawati 9,600 kwa kuruka Bunge na umma. Katika kesi zote mbili hoja kuu iliyoshinda ilikuwa ya utaratibu, wala haikuwa ya mionzi wala moshi, na ushahidi ulikuwa tarehe, mihuri na mihutasari ya vikao. Anza kuweka faili lako kabla leseni haijatoka. Siku 60 hazitoshi kuanza kutafuta nakala.