Kidunda si mto mwingine

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Bwawa la Kidunda likikamilika, je, shida ya maji Dar es Salaam itakuwa imekwisha?" Nakaa Kimara, na jibu langu ni kwamba tutapumua, lakini haitakuwa imekwisha.

Kumbukeni mwaka 2022. Vuli ilichelewa, kina cha Mto Ruvu kikashuka, na maji yanayozalishwa yakatoka lita milioni 466 kwa siku hadi kama milioni 300. Mgao ukaanza, maboza yakatawala mitaa. Sababu iko wazi: Ruvu Juu na Ruvu Chini, mitambo ya kusafisha maji inayotubeba, yote inanywa mto mmoja. Mtambo wa Mtoni, unaotegemea Mto Kizinga, ni mdogo mno kutuokoa.

Kidunda, kule Morogoro, litaweka akiba ya lita bilioni 190 za masika na kuziachia kiangazi. Ni jambo jema, tena limechelewa. Lakini hilo ni ghala, na mavuno yake yatatoka kwenye Ruvu uleule. Halafu maji yakiachiwa hayapiti kwenye bomba. Yanashuka na mkondo wenyewe mpaka mitamboni, yakipita kwenye mashamba na mifugo ya watu. Mwaka ule wa 2022 viongozi walikwenda huko juu kuondoa pampu na michepuko ya wakulima. Sitaki kumwita mkulima yule mwizi, naye ana shamba la kuokoa. Ninachotaka ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu impe kibali chenye kiwango kinachojulikana, cha masika na cha kiangazi, ili tusingoje ukame ndipo tukimbizane.

Juu zaidi kuna Uluguru, mito inakozaliwa. Mlima ukilimwa hovyo, udongo wake utateremka na kukaa ndani ya bwawa. Wakoloni waliwahi kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta, na mwaka 1955 watu wakachachamaa hadi mpango ukafa. Kwa hiyo amri peke yake haifai. Baadaye kule Kibungo Juu kulijaribiwa njia nyingine, ya kuwalipa wakulima wanaotunza ardhi, na walaji wakubwa wa maji wa Dar wakachangia. Ningependa senti kadhaa za bili yangu zipande mlimani kwa mtindo huo kila mwezi, bila kungoja mfadhili.

Chanzo cha pili cha kweli kiko chini ya ardhi, Kimbiji na Mpera, upande wa Kigamboni. Kilindwe mapema, kabla viwanja havijakimeza na kabla kila mwenye fedha hajachimba kisima chake. Wenye visima karibu na pwani wanajua maji ya chumvi yanavyoingia pole pole.

Sensa ya 2012 ilitukuta mkoani milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38, bila kuhesabu wenzetu wa Kibaha na Bagamoyo wanaokunywa kwenye mabomba hayohayo. Kwa mwendo huo akiba ya Kidunda itapata wanywaji wapya kila mwaka. Kwa hiyo kila tunapotangaziwa asilimia ya ujenzi wa bwawa, naomba tutangaziwe pia asilimia ya maji yaliyosafishwa kwa gharama kisha yakamwagika barabarani kabla ya kufika kwenye mita, kwa kila wilaya, na jina la cheo cha anayewajibika kuipunguza.