Unaanza kusoma mabaraza ya majimbo ya China? Mtazame gavana kwanza

Mwaka wangu wa kwanza wa kusoma siku za mwisho za utawala wa Qing, ukoo wa mwisho wa kifalme China, niliandika insha ndefu nikimfanya gavana kuwa adui wa baraza la jimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Mwalimu aliirudisha na swali moja pembeni: huyu gavana katoka wapi? Sikuwa na jibu. Nilirudi kusoma, na tangu hapo kila ninayemsaidia kuanza somo hili namwanzishia hapo hapo.

Ndugu, sheria ya Qing ilimkataza ofisa kutawala jimbo alikozaliwa. Gavana wa jimbo, xunfu, na gavana mkuu, zongdu, ambaye mara nyingi alisimamia majimbo mawili au matatu, wote walikuwa wageni walioteuliwa na Beijing, na Beijing ingeweza kuwahamisha wakati wowote. Neno lenyewe lisikupoteze kama umekulia Kenya, ambako gavana huomba kura. Huyu hakuomba kura kwa mtu. Mfikirie kama mkuu wa mkoa wa Tanzania, ila mwenye hazina na askari wake.

Wajumbe wa baraza, kinyume chake, walikuwa wenyeji wenye nasaba, elimu na mali. Mabaraza yalifunguliwa 14 Oktoba 1909 katika majimbo 21. Xinjiang peke yake ilibaki nyuma. Waliopiga kura walikuwa wanaume wa miaka 25 kwenda juu, tena wenye cheti cha shule ya kati, shahada ya mitihani ya zamani, utumishi au mali ya yuan 5,000. Waliofikia masharti hayo hawakufika hata mmoja katika kila watu mia. Kwa hiyo usiandike kwamba "wananchi" walichagua. Andika nani hasa alichagua.

Kwenye nyaraka utakuta tarehe za mwezi mwandamo, na miaka inayohesabiwa tangu mfalme aanze kutawala. Zigeuze mapema, usingoje mwisho. Kikao cha kawaida kilianza siku ya kwanza ya mwezi wa tisa wa kalenda hiyo na kuchukua siku 40. Ukichanganya kalenda, barua ya gavana itaonekana kujibu azimio ambalo bado halijapitishwa.

Sasa ingia kwenye fedha, maana humo ndimo utakaposikia sauti za watu. Baraza lilikuwa na haki ya kujadili bajeti, kodi na mikopo ya jimbo. Gavana aliweza kurudisha azimio lijadiliwe upya, na hata kusimamisha kikao. Wakishindwana, shauri lilikwenda Beijing, kwenye Baraza la Taifa lililofunguliwa Oktoba 1910. Kesi ninayowapa wanafunzi kila mara ni ya Hunan. Mwaka huo wa 1910 gavana Yang Wending alitoa hatifungani za taeli 1,200,000 (taeli ni kipimo cha fedha ya zamani ya China) bila kuzipeleka mbele ya baraza lililoongozwa na Tan Yankai. Wajumbe walilalamika Beijing, na Baraza la Taifa likawaunga mkono. Jibu la kiti cha enzi lilikuwa kwamba gavana alipitiwa tu, na hatifungani ziendelee. Wajumbe wa Baraza la Taifa waliwaka. Waliwataka wakubwa wa Baraza Kuu la mfalme wajieleze, kisha wakawashtaki rasmi kwa mfalme. Soma kesi hii polepole. Utaona jinsi ugomvi wa mkopo wa jimbo moja ulivyogeuka swali la nani anawajibika kwa nani katika dola nzima.

Lakini usije ukafanya kosa langu. Mwaka huo huo magavana wengi, wakiongozwa na Xiliang, gavana mkuu wa Manchuria, walipeleka telegramu ya pamoja Beijing wakitaka bunge na baraza la mawaziri vianzishwe mara moja. Nionavyo mimi, wizara za Beijing zilikuwa zinawanyang'anya fedha na majeshi, na bunge lingewapa ngao. Tarehe 4 Novemba 1910 mfalme alikubali kuharakisha: bunge lingefunguliwa 1913.

Ukiwa na hayo kichwani ndipo uende Sichuan. Mei 1911 Beijing ilitangaza kutaifisha reli kuu, na wenye hisa wa kampuni ya reli ya Sichuan wakasimama kupinga. Zhao Erfeng, gavana mkuu, mwanzoni alifikisha malalamiko yao Beijing. Alipobanwa kutoka juu aligeuka: 7 Septemba alimkamata Pu Dianjun, spika wa baraza, pamoja na wenzake, na askari wakafyatulia risasi umati uliokuja ofisini kwake Chengdu kuwaombea. Beijing ikaondoa sehemu ya askari wa Hubei kwenda kutuliza Sichuan, na 10 Oktoba uasi ulioiangusha Qing ukalipuka Wuchang, mji mkuu wa Hubei. Tarehe 27 Novemba, Zhao alimkabidhi Pu Dianjun, mtu yule yule ambaye yeye Zhao alimkamata, madaraka ya jimbo.